Shangazi na Posa ya Silinda Sita

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika karakana ya hospitali yetu, Fundi Mkuu wetu, ambaye hapa kazini hakuna anayemwita vinginevyo ila Shangazi, anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Wahariri wa jarida hili waliniomba niandike wasifu mfupi wenye heshima. Heshima nitaiweka. Ufupi wanisamehe, maana anayedhani Shangazi anaenea kwenye ukurasa mmoja hajawahi kukaa naye asubuhi moja tu pale karakana. Mimi ni mtunza stoo ya vipuri, dirisha langu linatazamana na shimo la kukagulia magari, na hakuna kilichotokea humo nisichokiona. Kisichoonekana nilikichungulia.

Aliajiriwa kama fundi msaidizi, mwanamke pekee katikati ya wanaume waliojiona wamezaliwa na spana mkononi. Siku ya kwanza hawakumpa gari, walimpa ufagio. Akafagia, tena bila kununa. Ila kila nati, boliti na washa iliyokuwa imepotea chini ya magari kwa miaka aliiokota na kuitia kwenye kopo lake. Kufika alasiri, fundi mmoja mwenye sauti kubwa akakwama kwa nati moja ndogo, na mwenye nati alikuwa yule mwenye ufagio. Ilibidi aombe kwa adabu. Tangu hapo ufagio ukawa wa zamu, kila mtu na siku yake, na utaratibu huo upo hadi leo.

Akapanda ngazi moja baada ya nyingine: fundi, fundi mwandamizi, msaidizi wa Fundi Mkuu, hatimaye Fundi Mkuu mwenyewe. Chini yake hakuna gari la wagonjwa lililotoka langoni breki zake hazijakaguliwa, hata kama daktari yuko nje anapiga honi na kutazama saa. Mashine ya kufulia mashuka ya wodini inazunguka mpaka sasa kwa beringi ya lori aliyoichonga mwenyewe. Alipoingia kazini walimwita dada. Mvi zilipoanza kuchungulia kwenye kitambaa chake cha kichwa akawa shangazi, na jina hilo likamkaa sawasawa kwa sababu ya jambo ninalotaka kulieleza sasa.

Jambo lenyewe ni posa. Wageni wa karakana huwa hawatuamini. Zamani kila mtu aliyetaka gari libadilishwe kitu alikuja na kelele zake. Dereva anataka hivi, daktari anataka vile, Katibu wa Hospitali ameona gari la mtu barabarani naye anataka la kwetu lifanane nalo. Siku moja madereva wawili walikaribia kukunjana mashati kwa sababu ya honi, honi tu jamani. Shangazi akagonga meza kwa spana na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo, anayetaka kitu kipya kiingie kwenye gari alete posa. Alisema kwenye posa watu hukaa wakaulizana, hakuna anayepaza sauti, na upande wa binti una haki ya kukataa bila mtu kuwa adui wa mtu.

Basi gari likawa binti, na kitu kipya kikawa mchumba. Anayekitaka hukaa benchi la karibu na mlango pamoja na mshenga wake. Mbele yao hukaa Shangazi, mzazi wa gari, na maswali huanza. Mchumba ana uzito gani, na nani atambeba? Anakula kiasi gani? Akipandwa na hasira, nani atampoza? Akivuta kwa nguvu, mifupa ya binti itahimili? Atalala wapi, yaani boneti litafunga au litabaki wazi kama mdomo wa mbea? Na la mwisho, lililowashinda wengi: wakishindwana, binti anaweza kurudi nyumbani kama alivyotoka?

Tulizoea mno mchezo huu, mpaka ukamponza mwenyewe. Ilipoletwa posa ya kweli ya binti yake wa kumzaa, wazee wamevaa vizuri, chai imemiminwa, Shangazi alimgeukia baba wa kijana na kumwuliza kwa uso mkavu kijana wake akichemka anapozwa na nini. Mumewe alitazama dari. Yule mzee akafikiri kidogo, akajibu kwamba kwa uzoefu wake ni maji baridi na kuachwa peke yake nusu saa. Shangazi akaridhika, ndoa ikafungwa, na mkwe huyo mpaka leo akikasirika mkewe humsogezea glasi ya maji.

Mimi pale benchi nilikuwa mshenga wa kudumu wa injini kubwa. Sifichi, napenda mngurumo. Kila injini nene iliyowahi kupita karibu na mji huu niliipeleka kwenye posa, na kila mara nilirudishwa na maswali yale yale, nikatoka nimenywea. Lakini kwa kuwa nilimtazama sana kutoka dirishani, nilijua jambo ambalo wenzangu hawakulijua. Shangazi alipenda injini kubwa kuliko mimi. Lori zito likipita barabarani aliacha sentensi katikati, akainamisha kichwa mpaka mlio uishe, kisha akaendelea kuzungumza kama vile hakuna kilichotokea. Alikataa kwa sababu kazi ilimtaka akatae. Moyo wake ulikuwa benchi la mlangoni, pamoja na mimi.

Sasa tufike mwaka huu, mwaka wake wa mwisho, ambao ulimkuta na mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni fundi tunayemwita Labda. Amefanya kazi chini ya Shangazi miaka kumi, mikono yake haina mjadala, lakini ulimi wake, Mungu amjalie, haujawahi kutoa jibu moja. Mwulize kama chai ina sukari, atakwambia labda. Shangazi alimpendekeza arithi nafasi yake. Katibu akasema wazi kwamba hatakabidhi karakana kwa mtu asiyeweza kusema ndiyo wala hapana, na kwamba akiona hali hiyo inaendelea ataleta mtu kutoka nje. Jambo hilo lilimkosesha Shangazi raha, maana alijua mgeni ataingia na kelele zake, na kila alichokijenga kitabomolewa.

Mzigo wa pili ni Bibie, gari letu la wagonjwa la kupanda milimani, lenye injini ya silinda nne na miaka mingi mgongoni. Huko juu kuna zahanati ambazo hazifikiki ila kwa Bibie. Msimu uliopita, kwenye ule mwinuko ambao madereva wanauita Tubu, Bibie aligoma akiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Walishuka mume, nesi na mama mkwe wakasukuma. Mama alifika, mtoto akazaliwa salama salimini, na mama mkwe akaja mpaka ofisini kwa Katibu, matope hadi magotini, akamweleza alichokiona. Nasikia hakubakisha kitu. Katibu akatoa uamuzi: Bibie apande Tubu kabla ya mwezi wa Shangazi kustaafu kwisha, la sivyo aende mnadani, na zahanati za juu zisubiri gari ambalo hakuna aliyejua lingetoka wapi.

Na hapo hapo, kama vile tumeomba, mchumba akatokea. Mkandarasi wa barabara alikuwa anafunga kambi yake, akatuachia injini ya lori lililopinduka. Lori lilikuwa limeisha, injini haina hata mkwaruzo. Dizeli, silinda sita! Ndugu zangu, nilipoiona inashushwa kwa winchi nilisahau kufunga stoo. Tuliiweka juu ya magogo, tukaiunganishia betri, mpira wa maji na dumu la mafuta, na Shangazi akaiwasha kwa mkono wake. Iliguna mara moja, ikavuta pumzi, kisha ikanguruma mpaka vikombe vikatembea mezani. Manesi walitoka wodini. Mgonjwa mmoja mwenye mguu wa plasta alipiga makofi dirishani. Shangazi aliweka kiganja juu ya injini akafumba macho, nami nikajua kwamba mwenzangu amekwisha.

Kwa desturi yetu, kitu kilicholetwa kama zawadi hakikuhitaji posa, maana tuliona ni utovu wa adabu kumhoji mtu aliyekupa. Katibu akamwambia aifunge tu, siku zinakwenda. Shangazi akakataa. Alisema injini hii ni yeye anayeitaka, anaitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka katika kazi hii, kwa hiyo atakaa benchi la mlangoni kama watu wengine na atahojiwa. Mimi nikawa mshenga wake. Na upande wa mzazi wa gari, hakukuwa na mwingine wa kukaa ila Labda.

Wapo wanaosema leo kwamba ulikuwa mtego, kwamba alitaka kumpima Labda mbele ya Katibu. Wanajidanganya. Nilikuwa naye wiki nzima ile akichora kwa chaki sakafuni, akikata maboksi ya katoni kupima mahali injini itakapokalia, akiimba. Mwanamke wa miaka sitini alikuwa anaimba chini ya gari! Alikuwa na jibu la kila swali. Uzito? Springi za mbele ataziongeza majani ya chuma. Kupoza? Rejeta ya lori ipo. Giaboksi? Imekuja na injini yake. Boneti litainuliwa kidogo, propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, itakatwa na kuchomelewa upya. Mimi nilikuwa nimeshachagua mahali pa kusimama siku ya harusi.

Labda naye wiki hiyo alikuwa na mambo yake. Alikuja stoo akaniinua kwenye tairi kuukuu ninalolifanya kiti, akalizungushia kamba, akapima, akaenda zake bila kueleza. Siku iliyofuata alimchukua Bibie hadi kwenye mizani ya ghala la nafaka. Nilipomwuliza anatafuta nini, mnajua alivyojibu.

Siku ya posa karakana ilijaa. Katibu alikuja, akasimama nyuma na kukunja mikono. Labda alianza kuuliza, sauti ndogo, swali baada ya swali, na Shangazi akajibu yote kwa raha mpaka watu wakaanza kunipigia kope za ushindi. Walipofika kwenye eksele, vyuma vinavyozungusha magurudumu, ndipo Shangazi akapunguza mwendo. Alikiri kwamba injini ile ina nguvu kuliko eksele za Bibie, ila dereva akiwa na mguu mwepesi hazitakatika. Labda akauliza, mguu mwepesi wa nani? Watu wote wakamgeukia dereva wa Bibie, ambaye anajulikana kwa kupasua matuta, na karakana ikaangua kicheko. Shangazi mwenyewe alicheka.

Labda hakucheka. Alisema tumehoji habari za mchumba tangu asubuhi, lakini hatujamwuliza binti anaumwa nini. Kisha akaeleza, bila haraka, alichokipima. Tairi kuukuu ninalolikalia stoo ndilo lilikuwa lake la asili. Haya makubwa ya sasa tuliletewa na wafadhili, tukayafunga kwa shangwe, na tangu siku hiyo gia ya kwanza ya Bibie imepungua nguvu, imekuwa kama ya pili. Bampa la chuma na winchi yake tulipewa. Keria la juu tulipewa, na tairi la akiba la pili lililokaa huko juu tulipewa. Kwa mizani ya ghala, Bibie alikuwa anapanda mlima amebeba uzito wa watu wazima sita kabla mgonjwa wa kwanza hajawekwa ndani. Na katika vyote hivyo hakuna hata kimoja kilichopita kwenye benchi, kwa sababu vilikuwa zawadi. Bampa lile Shangazi alilipaka rangi kwa mkono wake.

Niliona Katibu ameshusha mikono. Labda akamtazama Shangazi, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akimtazama mtu machoni kwa muda mrefu hivyo.

"Hapana, Shangazi," alisema. "Hatutoi."

Shangazi aliumia. Siwezi kuandika vinginevyo hata kama hili ni jarida la kuagana. Uso wake ulishuka, akatazama ile injini kule kwenye magogo, akarudisha macho kwa fundi wake.

"Na kama umekosea?"

"Nikikosea, injini ipo pale pale, tutaifunga. Lakini eksele ikikatika katikati ya Tubu, mgonjwa yuko ndani, hatuna pa kurudi."

Shangazi akanigeukia mimi mshenga wake, akanipiga bega kwa nguvu, akasema tuinuke, tumekataliwa na watu wenye akili. Alitoka nje akaenda kuosha uso bombani. Aliporudi alikuwa ameshakunja mikono ya ovaroli na anauliza spana ya bampa iko wapi. Tangu siku hiyo, wenzangu, zawadi zote zinapita kwenye posa, hata kalenda ya ukutani.

Tulimvua Bibie kila kitu. Bampa, winchi, keria, vyote vikalala uani. Matairi ya kipimo chake cha asili yalipatikana, tukayafunga. Shangazi akashusha pampu ya dizeli na nozeli mwenyewe, akazisafisha, akapima mgandamizo, akakuta injini ile ndogo tuliyoitukana msimu mzima ina afya yake. Aliifunga polepole, kama mtu anayemwomba mtu radhi.

Siku ya kupanda, Katibu alikaa mbele na dereva, Labda akabanwa katikati yao. Nyuma alikaa Shangazi na nesi wa zamu, pamoja na wafuaji wawili wa mashuka, watu wa miraba minne, kama ndugu wa mgonjwa. Mimi nilipewa cheo cha mgonjwa na kulazwa kitandani. Ninavyopenda magari, nilitaka kuona njia, lakini nililala nikitazama paa, nikisikiliza kwa ngozi. Tulipogusa mguu wa Tubu dereva aliingiza gia ya kwanza. Bibie akakaza. Mlio haukupanda wala kushuka, ukashika sauti moja, nzito, ya mtu anayejua anakokwenda. Mawe yalikuwa yanarushwa chini, matairi yanauma, mimi moyo unanidunda mpaka nesi angeweza kunipima kwa macho. Tulifika kwenye ile kona aliposukuma mama mkwe. Nilishika vyuma vya kitanda. Bibie akaikata, hivi hivi, akaendelea. Nilitamani kupiga yowe, ila nilikuwa mgonjwa.

Nikamgeukia Shangazi nione amelipokeaje. Alikuwa anamsimulia nesi habari za mjukuu wake, yule wa binti aliyeolewa kwa swali la kuchemka. Mtoto, alisema, ameanza kukataa kuoga mpaka aambiwe maji yametoka wapi na yanakwenda wapi. Aliigiza sauti yake, akaigiza mama yake anavyojibu, nesi anacheka mpaka anashika mbavu. Simulizi liliendelea hadi gari lilipotulia na mtu akafungua mlango wa nyuma. Shangazi akachungulia nje, akaona ukuta mweupe wa zahanati.

"Mbona tumesimama?" aliuliza. "Kwani Tubu bado?"

Nesi alimwonyesha tu kule nyuma, njia yote iko chini yetu, inateremka na kupotea kwenye miti. Shangazi aliitazama kwa muda. Kisha akamtazama Labda, aliyekuwa ameshashuka na kuinama kukagua chini ya gari, na machozi yakamtoka huku anacheka. Miaka thelathini na mmoja nimesikia kwamba mtu huyu hawezi kupanda gari, hata la harusi, bila kulisikiliza njia nzima. Siku ile hakusikiliza. Tarehe ya kustaafu mtaisoma kwenye barua za ofisi, lakini mimi nilikuwepo alipostaafu, nimelala kitandani na shuka hadi kifuani.

Katibu alimthibitisha Labda kuwa Fundi Mkuu wiki hiyo hiyo. Injini ya silinda sita ipo bado, imefunikwa turubai kwenye kona, na asubuhi mbili tatu nimemwona Shangazi akiinua turubai na kuichungulia. Hamu haijamwisha. Ni haki yake.

Kwa niaba ya madereva, manesi, wafuaji, madaktari waliopiga honi bure, na akina mama wa mlimani ambao hawakuwahi kukuona lakini walifika kwa kazi ya mikono yako, tunakushukuru, Shangazi. Umetufundisha kuulizana kabla ya kufunga boliti, na umetuachia mtu anayeweza kukwambia hapana hata wewe. Nenda ukapumzike na mzee wako, ukamweleze huyo mjukuu maji yanatoka wapi. Siku zako ziwe nyingi, za afya na za kicheko. Na ukijiwa na wazo lolote lenye silinda sita, karibu sana karakana. Benchi la karibu na mlango litakuwa wazi, utasikilizwa kwa heshima zote, na mshenga wako nipo.